Kabla ya kumkabidhi mgombea urais orodha ya Pwani

Mwaka 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, nilikuwa katibu wa kamati ya wakaazi wa mtaa wetu upande wa Kisauni. Tulikutana barazani baada ya sala ya Isha, usiku tatu mfululizo, tukiandika mambo tunayotaka kutoka kwa mgombea urais aliyekuwa aje kuhutubia uwanjani. Tulimaliza na mambo 31. Bandari ilikuwemo, feri ilikuwemo, hati za mashamba, maji, mtaro wa nyuma ya soko, ukuta wa makaburi, hata taa mbili zilizozimika karibu na madrasa.

Siku ya mkutano mwenyekiti wetu alipanda jukwaani akamkabidhi mgombea ile karatasi. Akainyanyua juu, watu wakapiga yowe na vigelegele. Kisha akaikunja, akampa kijana aliyesimama nyuma yake. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni yangu akaniuliza, "Mwanangu, nakala mliweka?" Hatukuweka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tulikuwa na katibu mwenye kalamu mkononi.

Baadaye nilipekua rasimu zangu nikaweza kurudisha mambo 22 kati ya yale 31. Nikakaa na Katiba pembeni nikaanza kuyapanga. Mambo 13 yalikuwa kazi ya serikali ya kaunti, wala rais hahusiki. Matatu yalikuwa mikononi mwa mahakama na tume huru. Yaliyobaki kwa rais hasa ni sita tu. Tulikuwa tumebeba mzigo wa watu watatu tukautua kwenye mlango wa mtu mmoja.

Ndugu msomaji, uchaguzi mwingine unakuja. Katiba inasema unafanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na kwa mwaka 2027 hiyo ni tarehe 10. Wagombea watateremka Pwani, magavana wetu watawapokea, na orodha zitaandikwa tena. Nimeandika makala hii ili anayeandika orodha hiyo, awe ofisini kwa gavana ama barazani mtaani, ajue anamwomba nani, anaomba nini, na ataifuatilia vipi.

Kwa nini kaunti imhitaji mgombea urais

Watu wengi huuliza: si tuna ugatuzi, sasa ya Nairobi yanatuhusu nini? Jibu limo katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, linalogawanya kazi baina ya serikali ya kitaifa na serikali 47 za kaunti. Kaunti zilipewa kilimo pamoja na uvuvi, hospitali na zahanati za kaunti, barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, masoko, uzoaji taka, elimu ya chekechea, maji na usafi wa mazingira. Serikali ya kitaifa ilibaki na usalama, barabara kuu, reli, usafiri wa baharini, hospitali za rufaa za kitaifa, elimu ya msingi na sekondari, sera ya ardhi na rasilmali za maji.

Kwenye karatasi mpaka unaonekana wazi, lakini kwetu Pwani kazi hizo mbili zimeshikana kama nyuzi za mkeka.

Chukua maji. Kuyafikisha nyumbani ni kazi ya kaunti. Lakini maji ya Mombasa hayatoki Mombasa. Yanatoka chemchemi za Mzima huko Taita Taveta, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki katika Kilifi, na Marere na Tiwi katika Kwale. Vyanzo hivyo na mabomba makubwa yanasimamiwa na shirika la serikali ya kitaifa, ambalo huwauzia maji makampuni ya kaunti kwa jumla. Mfereji ukikauka, kaunti moja peke yake haiwezi kumaliza shida. Bwawa la Mwache linalojengwa Kwale ili kuongeza maji ya Mombasa na Kwale ni mradi wa serikali ya kitaifa. Anayenunua maji ya mkokoteni kwa mtungi hajali ni serikali gani imechelewa, ila anayeandika orodha lazima ajali.

Chukua feri. Jedwali hilohilo linataja feri na bandari ndogo miongoni mwa kazi za kaunti, isipokuwa udhibiti wa meli za kitaifa na kimataifa. Hata hivyo kivuko cha Likoni kimeendelea kuendeshwa na serikali ya kitaifa, kwanza kupitia shirika la feri, kisha kupitia Halmashauri ya Bandari. Hapa Pwani feri si jambo la kuchezea. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakapoteza maisha. Kaunti ikitaka usemi katika kivuko, Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali mbili kuhamishiana kazi kwa makubaliano, lakini pesa nazo lazima ziifuate kazi.

Chukua Taita Taveta, ambako mbuga za Tsavo zimechukua karibu asilimia 62 ya ardhi ya kaunti. Ndovu wakivamia shamba, mkulima humwendea mwakilishi wadi wake, naye hana la kufanya zaidi ya kuandika barua, maana fidia ya wanyamapori ni ya serikali ya kitaifa.

Nguvu tuliyo nayo

Kuna wanaosema Pwani haina kura za kutisha. Hebu tuhesabu kwa njia ya Katiba. Kifungu cha 138 kinamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Zaidi ya nusu ya 47 ni 24. Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta ni kaunti sita, yaani robo ya hizo 24. Lamu yenye wapiga kura wachache ni kaunti moja kamili katika hesabu hiyo, sawa na Nairobi. Mgombea makini hawezi kutupuuza, ila sisi wenyewe tukija kila mmoja na lake.

Nchi nyingine zina desturi ya kulifanya jambo hili kwa utaratibu. Nchini Ufaransa, anayetaka kugombea urais lazima kwanza apate saini 500 za viongozi waliochaguliwa, na wengi wa watia saini hao huwa ni mameya. Chama cha mameya wa nchi hiyo huwaita wagombea mbele yake, kila mmoja aeleze atafanya nini kuhusu fedha na mamlaka ya miji. Nchini Kanada, shirikisho la manispaa hutoa hati moja kabla ya uchaguzi wa kitaifa, yenye mambo machache kuhusu nyumba, usafiri na miundombinu, na kuipeleka kwa vyama vyote.

Sisi tuna vyombo vyetu. Kuna Baraza la Magavana, lililoundwa kwa Sheria ya Mahusiano baina ya Serikali ya 2012. Kuna Jumuiya ya Kaunti za Pwani inayounganisha kaunti zetu sita. Na kuna bodi za manispaa, kama za Malindi na Diani, chini ya Sheria ya Maeneo ya Mijini na Majiji, ambazo zinajua shida za mji hadi kichochoro cha mwisho. Kutaka ahadi kutoka kwa wagombea si ombaomba. Ni kazi halali ya vyombo hivyo, wakiifanya kwa uwazi.

Ahadi hazilingani: yagawe mafungu matano

Hili ndilo lililonifunza zaidi nilipokuwa nikipanga yale mambo yangu 22. Ukishatoa yaliyo ya kaunti, yanayobaki hayawi ya aina moja. Kila ahadi ina mlango wake, na kujua mlango ndiko kunakokuambia lini uibishe.

Fungu la kwanza ni yale yanayomalizika kwa agizo. Mfano wake tuliuona kwa macho. Tangu mwaka 2019, serikali ilipoagiza mizigo isafirishwe kwa reli ya SGR na kwenda kukaguliwa bara, Mombasa ililia. Makuli, madereva wa malori, wenye maghala, mama ntilie wa Changamwe, wote waliguswa, na maandamano yakafanyika mjini. Kurudisha kazi bandarini kukawa dai la kwanza la Pwani katika kampeni za 2022. William Ruto alipoapishwa tarehe 13 Septemba 2022, alitangaza katika hotuba yake ya kwanza kwamba siku hiyohiyo anatoa agizo ukaguzi wa mizigo urudi bandari ya Mombasa. Haikuhitaji Bunge. Lakini kumbuka upande wa pili: linaloletwa na agizo huweza kuondolewa na agizo. Mpaka leo ukikaa na watu wa bandarini utasikia wakibishana ni ajira ngapi zilizorudi kweli. Ombi la aina hii lisiishie kwenye "rudisha". Lidai kipimo cha kuonyesha kwamba imerudi.

Fungu la pili ni yanayotaka pesa katika bajeti. Bwawa, barabara kuu, na ununuzi wa ardhi kwa ajili ya wanaoitwa maskwota katika nchi ya babu zao. Sheria ya Ardhi ya 2012 ina hazina ya kununua mashamba na kuwapa makao wasio na ardhi. Mgombea akisema "nitamaliza uskwota Pwani", swali la kumuuliza ni moja: utaweka kiasi gani katika hazina hiyo kila mwaka? Hati ya shamba lenye mwenyewe aliye ng'ambo haipatikani kwa hotuba, mwenyewe lazima alipwe.

Fungu la tatu ni yanayotaka sheria ya Bunge. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Kwale ilisafirisha titani kuanzia 2014 hadi uchimbaji uliposimama Desemba 2024, na suala la jamii kusubiri fungu lao limekuwa wimbo wa miaka mingi. Anayetaka viwango vibadilishwe, ama tarehe ya kulipa iandikwe, anataka sheria au kanuni, na rais bila wabunge hawezi kuipitisha. Basi ahadi hiyo iombwe pia kwa wagombea ubunge na useneta wa chama chake.

Fungu la nne ni yanayogusa Katiba yenyewe. Hapa tuwe waangalifu, maana ndiko ahadi nyingi zinakofia. Mwaka 2014 magavana walianzisha kampeni ya Pesa Mashinani wakitaka kaunti zipate asilimia 45 ya mapato ya taifa. Haikufika kwenye kura ya maoni. Mswada wa BBI uliahidi asilimia 35, ukasimamishwa na Mahakama ya Juu tarehe 31 Machi 2022. Katika uchaguzi wa mwaka huo Raila Odinga naye aliahidi kaunti asilimia 35.

Fungu la tano ni yasiyo mkononi mwa rais hata kidogo. Wavuvi wa Lamu walioathirika na ujenzi wa bandari walipata ushindi wao Mahakama Kuu mwaka 2018, ilipoamuliwa walipwe shilingi bilioni 1.76. Leseni ya kiwanda cha makaa ya mawe huko Lamu ilifutwa mwaka 2019 na mahakama ya mazingira. Uchunguzi wa dhuluma za kihistoria za ardhi ni kazi ya Tume ya Taifa ya Ardhi. Mgombea anayekuahidi kwamba "kesi hiyo nitaimaliza" anakuahidi kisicho chake. Unachoweza kumtaka ni kwamba serikali yake itatii hukumu na kulipa kinachodaiwa bila kukata rufaa za kupoteza muda.

Fedha: asilimia 15 ni sakafu

Jambo moja linafaa kuelezwa taratibu, kwa kuwa mikutanoni huchanganywa sana. Kifungu cha 203 kinasema mgao wa kaunti zote usipungue asilimia 15 ya mapato ya serikali ya kitaifa, yakihesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Neno ni "usipungue". Hakuna mahali Katiba inasema usizidi. Kwa hivyo rais na Bunge wanaweza kuongeza mgao kila mwaka kwa Sheria ya Ugavi wa Mapato, bila kura ya maoni na bila kugusa Katiba.

Tazama ulivyokwenda. Mwaka wa kwanza wa ugatuzi, 2013/14, kaunti zilipata shilingi bilioni 190. Mwaka 2021/22 zilipata bilioni 370, na mwaka uliofuata bilioni 370 vilevile, haikuongezwa hata senti, ilhali bei ya dawa na mafuta ilikuwa ikipanda. Mwaka 2024/25, baada ya mswada wa fedha kuondolewa kufuatia maandamano ya vijana, bilioni 400 zilizokuwa zimekubaliwa zilikatwa hadi 387.4. Mwaka 2025/26 zikawa bilioni 415. Mgombea akituambia anapenda ugatuzi, tumuulize atapendekeza bilioni ngapi katika mwaka wake wa kwanza, na pesa zitatumwa kaunti kila mwezi kwa tarehe gani. Kuchelewa nako huumiza. Muuguzi asiyelipwa miezi miwili hawezi kula asilimia.

Kuna jambo jingine ambalo silisikii likitajwa majukwaani, na kwetu ni kubwa. Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Katika orodha ya kwanza ya kaunti 14 zilizotambuliwa kuwa zimetengwa, tano ni za Pwani: Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Hazina hiyo ilipewa maisha ya miaka 20 tangu Katiba ianze kutumika tarehe 27 Agosti 2010. Yaani inaisha Agosti 2030, katikati ya muhula wa rais tutakayemchagua 2027. Bunge linaweza kuiongezea muda, lakini sheria hiyo inahitaji kuungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na zaidi ya nusu ya ujumbe wa kaunti katika Seneti. Asiyeahidi sasa atakuja kutuambia 2030 kwamba muda umekwisha. Kama ningeruhusiwa kuandika ombi moja tu kwa niaba ya kaunti hizo tano, ningeandika hili.

Nani atusemee?

Hapa kuna tatizo la kimaumbile katika mfumo wetu. Gavana huchaguliwa siku ileile na rais. Anayetakiwa kumbana mgombea urais kwa niaba ya kaunti, mara nyingi naye anatafuta tiketi ya chama cha mgombea huyohuyo, ama amemaliza mihula miwili anatafuta pa kwenda. Simlaumu mtu, ila tujue orodha ya kaunti na maombi ya mtu binafsi husafiri katika bahasha moja, na ikifunguliwa ofisini, ombi dogo ndilo hujibiwa kwanza.

Mwaka 2022 chama cha PAA, kilichoongozwa na Amason Kingi alipokuwa gavana wa Kilifi, kilianza ndani ya Azimio kisha kikahamia Kenya Kwanza. Baada ya uchaguzi Kingi alichaguliwa Spika wa Seneti. Wengi wetu tulifurahi kuona mtu wa Pwani katika kiti hicho, na Seneti ndiyo bunge la kaunti. Lakini Spika huongoza kikao. Haandiki bajeti ya bwawa wala hatoi hati za mashamba. Nafasi na orodha ni vitu viwili, na mwenye kupata cha kwanza asidhani amepata cha pili.

Dawa ninayoiona ni ratiba. Orodha ya Pwani iandikwe na kutangazwa kabla ya vyama kuteua wagombea wao. Itiwe saini na magavana wote sita na maspika wa mabunge sita ya kaunti, walio na vyama tofauti, ili isiwe mali ya mrengo wowote. Na ipelekwe kwa kila mgombea urais, si kwa yule tu anayependwa na mwenyeji. Kuna sababu ya kisheria pia: Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza kutumia mali ya umma kufanyia kampeni. Hati inayopelekwa kwa wote ni kazi ya kaunti. Hati inayopelekwa kwa mmoja, kwa gari la kaunti na mafuta ya kaunti, inakaribia kuwa kosa.

Namna ya kuandika ombi likamatike

Kila kaunti ina mpango wa maendeleo wa miaka mitano, ule wa CIDP. Wa sasa unaishia 2027, na unaofuata utaanza 2028. Ombi lianzie humo, kwa kuwa wananchi walishaitwa wakatoa maoni yao. Lisipokuwemo, mgombea ana haki ya kuuliza mbona wenyewe hamkuliweka katika mipango yenu.

Kisha liwe na vitu vitano: kazi yenyewe, kiasi cha pesa, ofisi itakayohusika, tarehe, na alama ya kuonyesha limetimia. "Tunataka maji" haina hata kimoja. Linganisha na hili: "Katika bajeti ya 2028/29, serikali yako itenge pesa za kumalizia mabomba ya kutoa maji bwawani Mwache hadi matangi ya mji, na kila miezi mitatu wizara itangaze kazi ilipofikia." Hilo la pili mtu anaweza kulikubali ama kulikataa, na ukweli wake utaonekana.

Kwa nini 2028/29? Kwa sababu bajeti ya 2027/28 itakuwa imeshapitishwa Juni, kabla ya kura. Rais mpya anaweza kuirekebisha kwa bajeti ya nyongeza, lakini bajeti yake mwenyewe huanza na taarifa ya sera inayofikishwa Bungeni kabla ya tarehe 15 Februari 2028. Hapo ndipo utaona kama alilolisema uwanjani limeingia. Makadirio yenyewe hufika Bungeni kufikia Aprili 30. Kwa upande wa kaunti, mpango wa mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1, na karatasi ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28. Tarehe hizi zibandikwe ukutani barazani kama tunavyobandika ratiba ya Ramadhani.

Mambo yasizidi saba. Ukimpa mtu mambo 31, unampa nafasi ya kutimiza lile rahisi, akaweka taa mbili karibu na madrasa, akasema ametekeleza.

Ahadi ina nguvu gani?

Ilani ya chama si mkataba unaoweza kumpeleka mtu mahakamani ukitarajia hakimu amlazimishe kujenga barabara. Mkataba wa muungano wa vyama huwekwa kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa, lakini huo ni wa vyama baina yao. Waswahili tunasema ahadi ni deni, na deni lisilo na mashahidi hukanika kirahisi.

Kwa hivyo mashahidi tuwe sisi. Mgombea atie saini hadharani, nakala ibaki kwa kaunti, kwa vyombo vya habari na kwa kamati za mitaa. Baada ya uchaguzi, njia za kudai zipo, na hazihitaji wakili: Kifungu cha 35 pamoja na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuuliza ofisi ya umma mradi umefikia wapi. Kifungu cha 119 kinakupa haki ya kupeleka ombi Bungeni. Vikao vya maoni ya bajeti viko wazi kwa kila mmoja, ijapokuwa mara nyingi wanaokuja ni wale waliosikia kuna soda.

Yale mambo 13 niliyoyakuta kuwa ya kaunti, tuliyapeleka kwa mwakilishi wadi na katika vikao vya bajeti ya kaunti, moja moja, na tarehe pembeni. Mtaro wa nyuma ya soko ulizibuliwa. Ukuta wa makaburi ulijengwa nusu, na nusu iliyobaki imeandikwa katika daftari. Yale sita ya rais bado ninayo. Safari hii yameandikwa upya, yamepunguzwa yakawa manne, na nakala ziko tatu: moja kwangu, moja kwa mwenyekiti, na moja kwa yule mzee aliyeniuliza.